Nilikupa Kadi ya Saba

Nafula, mama,

Shangazi yako ameshamaliza mambo yote ambayo mtu anayesafiri huambiwa. Nimemsikia tangu juzi. Usiazimane nguo, usiache sufuria kwa jirani, funga dirisha ukitoka, piga simu ukifika. Sina la kuongeza hapo. Mambo hayo katika nyumba hii yalikuwa ya mama yako, na mimi nikiyajaribu natoka kama mtu anayesoma tangazo la kanisani.

Umeenda kuwaaga watu wa kwaya. Nimekaa mezani upande wako, kwa sababu upande wangu mguu wa meza unacheza. Kurasa mbili nimeshazichana. Ya kwanza ilianza na mafundisho, nikaona sina haki ya kukufundisha kabla sijakuambia. Ya pili ilianza na kujitetea. Hii nitaiacha ilivyo.

Unaenda Eldoret kusomea ualimu, na kila mtu anasema kule watu hukimbia alfajiri barabarani jinsi sisi huku tunavyoendesha baiskeli. Utawaona kila siku ukienda darasani. Siwezi kukuacha uwatazame huku ukiamini kitu ambacho mimi najua si kweli. Miaka mitano umeamini kwamba siku ile ya mbio za nyika kule Nambale ulishindwa. Hukushindwa. Ulikuwa wa sita, na wasichana sita ndio waliokuwa wanachukuliwa. Niliyekufanya wa saba ni mimi, na nilifanya hivyo nikiwa na akili zangu, nimesimama hatua chache tu kutoka kwako.

Ngoja nianze nyuma kidogo. Unaijua nusu ya hadithi hii, lakini nataka uione kwa macho yangu.

Mimi sikuwahi kuwa mchezaji. Mpira ulinikataa nikiwa mdogo, na kwa mbio nilikuwa wa kuhesabiwa mwisho. Jumamosi moja, kabla hujazaliwa, Mwalimu Etyang alinikuta kando ya uwanja nikitazama watu wakitayarisha mechi. Wakati huo alikuwa ndiye anayesimamia michezo yote ya huku kwetu. Akanipa ncha ya kamba, akasema, "Shika hapa, usisonge." Nikashika. Akaenda na ncha ya pili hadi kwenye kona, akaivuta, halafu akarudi akimwaga chokaa polepole kando ya kamba. Tulipoitoa, mstari ulikuwa umenyooka kama umepigwa rula. Watu wakacheza juu yake mpaka jioni, na hakuna aliyeuliza nani alishika kamba. Sijui nikuelezeje, lakini kitu hicho kilinifurahisha sana. Nilirudi Jumamosi iliyofuata, na nyingine, mpaka ikawa watu wakiona fundi wa baiskeli amefunga kibanda wanajua kuna mchezo mahali.

Mama yako nilimpata huko huko. Alikuja kutoka Malaba na wasichana wa netiboli, si kucheza, kuwalindia mifuko na kuwapikia uji. Chokaa ilikuwa imeisha na nilikuwa nikichora uwanja wao kwa majivu ya hotelini, peke yangu, bila mtu wa kushika ncha ya pili. Alisimama akatazama muda mrefu, kisha akaniuliza kwa Kiswahili chake kile cha Kiteso, taratibu, "Boss, huu mstari umelewa ama ni wewe?" Nikasema ni mstari. Akaweka mwiko chini, akaja akashika kamba. Hivyo ndivyo nilivyooa.

Wewe ulilala usingizi wako mwingi wa utotoni chini ya meza ya maji. Nakukumbuka na soksi moja, ile nyingine tuliipata ndani ya pipa la uji, na mama yako akawapa watu uji ule ule bila kusema neno. Nakukumbuka ukiwa darasa la tatu umebeba bendera zote za kona kichwani, ukikataa kusaidiwa. Halafu ukaanza kukimbia mwenyewe, na kamba za viatu vyako zilipokatika ulifunga kwa uzi wa gunia, ukasema unashika vizuri zaidi. Saa kumi na moja asubuhi nilikuwa nikisikia mlango, na kabla sijamaliza kuvaa ulikuwa umefika mtoni na kurudi. Mama yako alikuwa akikuuliza, "Huko mtoni kuna nani?" Nawe unasema, "Hakuna mtu, ndiyo maana naenda." Hakuna aliyekutuma, mama. Hilo nalikumbuka kuliko yote. Ulikuwa unakimbia kwa sababu ulitaka.

Sasa, zile kadi. Unazijua, lakini wacha niseme jinsi kazi ile ilivyo, maana kosa langu liko ndani yake. Katika mbio za nyika watu huvuka mstari kwa kasi, wengine pamoja, na karani hawezi kuandika majina yote mara moja. Kwa hiyo baada ya mstari tunafunga kamba mbili zinazoanza kwa upana na kuishia njia ya mtu mmoja. Wakimbiaji wanaingia humo wakifuatana kama walivyovuka, na kule mwisho kuna mtu mmoja anayempa kila mmoja kipande cha katoni chenye namba. Karani atakuja baadaye aandike kwa utulivu. Kila kitu kinamtegemea yule wa kadi. Akikosea, karani anaandika kosa, na kosa linakuwa kweli.

Kazi hiyo walinipa mimi mwaka baada ya mwaka. Walisema Wandera hana upande. Sikuwa na cheo kingine chochote duniani, Nafula. Darasa la nane, kibanda cha baiskeli, na hilo: Wandera hana upande. Nilikuwa nalibeba kama mtu anavyobeba yai.

Asubuhi ya siku ile mama yako aliniambia tukiwa tunapakia mapipa, "Leo hizo kadi mpe mtu mwingine. Mtoto wako anakimbia." Nikamwambia watu wananiamini. Akasema, "Sijasema hawakuamini. Nimesema mpe mtu mwingine." Nilinyamaza, naye alijua maana ya kunyamaza kwangu. Hapo ndipo kosa lilipoanza, kabla mtu yeyote hajakimbia. Ningeweza kwenda kushika bendera kule kwenye miwa kama watu wengine, na mtu mwingine angesema alichoona.

Mlikuwa mkizunguka mara tatu: uwanjani, nyuma ya shamba la miwa, kuvuka kijito, halafu kilima cha kurudia. Ilikuwa imenyesha na udongo ulikuwa unateleza. Mlipokuwa mzunguko wa mwisho watu walikuwa wamejazana kwenye kamba, na mwendesha bodaboda mmoja alikuwa amekaa juu ya pikipiki yake karibu nami kabisa, anakula muwa.

"Mzee," akaniambia, "hiyo kadi ya kwanza si umeshaandika jina?"

Wenzake wakacheka. Mwingine akasema, "Wacha bana, msichana wake yuko ndani. Hata akiletwa na ambulensi leo atakuwa namba moja."

Nilicheka nao. Nikawaambia, "Kadi haina ukoo." Nililipenda sana jibu langu. Nilikuwa nimesimama pale nikilifurahia mlipotokea kwenye kilima.

Watano walivuka, nikawapa kadi zao. Kisha mkaja wewe na yule msichana wa Malaba mwenye fulana ya kijani, bega kwa bega, na nyuma yenu hapakuwa na mtu wa karibu. Mwalimu Etyang alikuwa mstarini. Dakika hiyo hiyo mama mmoja mwenye mwavuli alikata njia mbele yake akimfuata mtoto wake, akamziba. Mimi sikuzibwa. Nilikuwa nikiwatazama uso kwa uso. Kifua chako kilivuka kwanza. Hakikuwa kitu cha kubahatisha, kilikuwa nusu ya hatua nzima. Mguu wako ukateleza ukiwa tayari umeshavuka, ukaanguka mdomoni mwa kamba, naye akakuruka akaingia mbele yako. Sheria unaijua: mtu huhesabiwa mstarini, si ndani ya kamba. Akafika kwangu amenyoosha mkono.

Nilikuwa nimeshika kadi ya sita. Mwalimu Etyang akapaza sauti, "Wandera, shikilia hapo kwanza. Mimi nimezibwa. Nani alitangulia kwa mstari?"

Watu wa kwenye kamba wakanigeukia. Hata muwa haukutafunwa. Wewe ulikuwa unainuka, matope mpaka kidevuni, ukanitazama. Hukusema kitu. Ulikuwa huna haja ya kusema, baba yako alikuwa ameona.

Nikasema, "Wa kijani. Kijani ndiye ametangulia."

Nikampa ya sita. Ukafika ukanyoosha mkono, nikakupa ya saba, nawe ukasema "Asante," kwa sababu sisi wenyewe tuliwafundisha watoto wote kusema asante wakipewa kadi.

Yule wa bodaboda akapiga tangi la pikipiki yake kwa kiganja. "Huyu mzee si wa mchezo," akasema. "Amemkata mtoto wake mwenyewe." Na watu wakanitazama kwa heshima. Nafula, nilifurahi. Hilo sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata mama yako. Kwa muda wa kama kadi kumi zilizofuata nilikuwa na furaha, nikigawa, nikijiona mtu mkubwa. Halafu nikakuona umekaa peke yako kwenye magunia ya chokaa, umegeuza kile kipande cha katoni juu chini, unasoma upande ambao haukuandikwa kitu.

Kilichofuata unakijua. Wale sita walikwenda mashindano ya mkoa, na kule alikuwepo kocha wa shule ya bweni aliyekuwa akitafuta wasichana. Sijui kama angekuchagua. Nimejiambia mara nyingi kwamba pengine asingekuchagua, na kila nikijiambia naona nafanya vile vile, nakukata mbele ya mstari. Ulikimbia mwezi mmoja zaidi. Kisha asubuhi moja mlango haukulia. Wakati wa chai ulimwambia mama yako, bila hasira, "Mimi si wa mbio. Nimekubali." Nilikuwa navunja bonge la sukari kwenye kopo, nikaendelea kulivunja.

Mama yako aliona. Meza ya maji ilikuwa pembeni mwa mstari. Siku ile ile jioni, tukikunja kamba, aliniuliza, "Ulimwona?"

"Nilimwona."

"Basi mwambie."

"Nitamwambia."

Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alisema tu, "Mtoto akijua amezidiwa, anaongeza bidii. Akijua ameonewa, anakasirika, na hasira pia ni kitu. Lakini huyu wako umemfanya ajidharau." Halafu akaongeza, "Mimi siwezi kumwambia. Nikimwambia mimi, nitakuwa nimekuchongea. Mwambie wewe."

Na alishika neno lake. Aliniuliza wakati wa kupanda, akaniuliza wakati wa kuvuna. Kila mara nikasema kesho. Nilikuwa na sababu nzuri kila mara: una mtihani, una homa, umefurahi leo, kwa nini nikuharibie. Ukitafuta siku nzuri ya kumwambia mtu jambo baya, mama, hutaipata. Nimeitafuta miaka mitano na nimeishia leo, siku mbaya kuliko zote.

Sasa nimefika mahali pagumu zaidi. Ile ya kadi ni nyepesi ukilinganisha na hii.

Presha ilipomwangusha mama yako, zile wiki mbili za hospitali, alikuwa akiongea kwa upande mmoja wa mdomo, polepole, lakini alikuwa akiongea. Siku moja saa saba, wakati wa kuona wagonjwa, ulikuwa umeenda kuosha chupa ya uji. Akaniita.

"Wandera. Ile kitu. Ulimwambia?"

Niliutazama mkono wake uliokuwa hausogei. Nikasema, "Nilimwambia."

"Lini?"

"Zamani. Wakati wa mahindi."

"Akasema?"

Alikuwa anataka kujua, Nafula. Macho yake yote mawili yalikuwa kwangu, hata lile la upande uliolegea. Nami nikatunga. Nikasema, "Alisema hakuna neno, baba. Yameisha."

Akafumba macho, akapumua kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. "Huyo mtoto," akasema. "Huyo mtoto ana roho."

Ukaingia na chupa. Unakumbuka alivyokushika kidole, si mkono, kidole kimoja, akakuambia, "Asante kwa vile ulimjibu baba yako." Ukanitazama. Baadaye kule nje, pale kwenye bomba la maji, ukaniuliza, "Baba, mama anashukuru nini?" Nami nikakujibu, "Ni ugonjwa. Ameanza kuchanganya maneno."

Baada ya siku nne alituacha.

Nimekusikia ukiwaambia watu. Ulimwambia shangazi yako, ulimwambia mama mchungaji, mwaka jana nilikusikia ukimwambia rafiki yako hapo jikoni: mama mwishoni hakuwa anajua anachosema, alinishukuru kitu ambacho sikufanya. Kila mara ukisema hivyo mimi nipo karibu, nafanya kitu, nafungua kitu, nafunga kitu. Mama yako alijua anachosema. Akili yake ilikuwa nzima kuliko yangu. Alikuwa anakushukuru kwa kumsamehe mumewe, na mumewe alikuwa amemdanganya, na maneno ya mwisho aliyokuambia akiwa na nguvu nikayaita ugonjwa ili nisiaibike mbele ya bomba la maji.

Kwa hiyo vitu nilivyokuchukulia ni viwili. Cha kwanza huenda usingekihitaji maishani. Cha pili kilikuwa chako kabisa.

Nimekaa na mambo haya peke yangu, na huenda ningekufa nayo, si kwa ugumu wa moyo bali kwa woga tu. Lakini mwezi uliopita kulikuwa na zile mbio za baiskeli za kutoka Busia hadi Malaba. Walinipa bendera nyekundu nikae mahali malori yanapoanza kujipanga, niyazuie vijana wapite. Nilikuwa nabishana na dereva mmoja aliyekuwa amechoka na foleni ya siku mbili, ananiambia, "Mzee, mimi nimengoja forodha, sasa ningoje na baiskeli?" Mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza maji na njugu kati ya malori akasema, "Ngoja tu, boss. Huyu hata mtoto wake alimngojesha."

Nikageuka. Sikumtambua mpaka alipocheka. Anaitwa Ajiambo. Ana mtoto mgongoni sasa. Alikuwa yule wa kijani.

Tuliongea huku baiskeli zikipita. Alikwenda mkoa, akawa wa arobaini na kitu, kocha hakumtazama hata mara moja. Alilisema bila uchungu, akiwarudishia watu chenji. Kisha akaniuliza, "Nafula anaendelea kukimbia?"

Nikasema aliacha.

Akapanga chupa zake upya kwenye beseni ingawa zilikuwa zimepangika. "Mzee, mimi siku ile nilijua sikuwa wa sita," akasema. "Nilimwona mgongo wake. Nilikuwa nangoja useme. Ulivyosema ni mimi, nikafikiri labda wakubwa wanajua kitu sisi hatujui."

Nikamwambia, "Hatukujua kitu."

"Basi mwambie," akasema. Neno lile lile la mama yako, kutoka kwa mtu ambaye hawakuwahi hata kusalimiana. "Mimi ningekuwa ni yeye ningetaka kujua. Hata kama ni bure."

Wiki iliyopita nilikwenda kwa Mwalimu Etyang. Amezeeka, anatembea na fimbo mbili. Nilimweleza yote. Alinisikiliza amefumba macho mpaka nikafikiri amelala. Kisha akasema, "Wandera, mimi nilikuuliza wewe kwa sababu nilijua huwezi kunidanganya ili umpendelee mtoto wako. Sikujua unaweza kunidanganya ili umwonee." Nikamwambia sitagawa kadi tena. Akasema, "Hiyo ni rahisi. Kadi ataipata mtu. Msichana amejua?" Nikasema bado. Akachukua fimbo zake akainuka, akaniacha nimekaa. Alikuwa na haki. Hata kuungama nilianzia kwa asiyehusika.

Nilisema sitakufundisha, lakini wewe unaenda kuwa mwalimu na mimi ni baba yako, kwa hiyo nivumilie kidogo. Katika darasa lako kutakuwa na mtoto unayempenda. Pengine atakuwa wako mwenyewe, pengine mtoto wa dada yako wa kwaya. Siku moja atastahili kitu mbele ya watu, na utasikia midomo yao kabla hawajaifungua. Mimi nilifikiri upendeleo ni kitu kimoja tu, kumpa mtu wako kisichokuwa chake. Sikujua kwamba nikimnyima kilicho chake ili watu wanisifu, nimejipendelea mimi. Basi. Nimemaliza. Ukiona huwezi kuona sawasawa, mpe mtu mwingine kadi, kama mama yako alivyosema. Hakuna aibu katika kumpa mtu mwingine kadi.

Sijakuandikia ili urudi kukimbia. Una miaka ishirini na mmoja, na miguu ni yako. Ukitaka, kimbia. Ukiwaona wale wa Eldoret asubuhi ukawapita tu na vitabu vyako, ni sawa pia. Nataka tu ukiwapita usijiambie kwamba ulijaribu ukakosa. Ulijaribu ukaweza, ukiwa na uzi wa gunia kwenye viatu.

Na mama yako. Nataka umrudishe mahali pake. Hakuchanganya maneno. Ukiwasimulia watu tena siku zake za mwisho, wasimulie hivyo, na wakikuuliza alikuwa anashukuru nini, waambie ukweli, hata nikiwa nimekaa hapo hapo. Hasa nikiwa nimekaa hapo.

Nilikuwa nimepanga kuiweka barua hii katikati ya nguo zako, uikute ukifika. Nilishaifungua zipu ya begi. Kisha nikaona kwamba nilikuwa najificha tena, nikikupa habari hii ukiwa mbali, usiweze hata kunikunjia uso. Kwa hiyo nitakupa mkononi asubuhi, kabla ya chai. Gari lako ni la saa nne, muda upo. Nitakuwa hapo nje mbele ya mlango, nimekaa, sitashika kazi yoyote. Soma mpaka mwisho, halafu utoke au usitoke. Ukitaka kunipigia kelele, piga, majirani wasikie, hata wao walinisifu. Ukitaka shangazi yako ndiye akusindikize mpaka stendi, nitalibeba begi hadi barabarani nimwachie.

Jambo moja tu sitakuuliza. Sitakuuliza kama umenisamehe. Niliwahi kukujibia mara moja, kwa sauti yako, na mama yako akaondoka na jibu hilo akiamini ni lako. Jibu la safari hii liwe lako mwenyewe, vyovyote litakavyokuwa. Na ukihitaji miaka, chukua. Mimi nilichukua mitano.

Baba yako,
Wandera